Wastani wa divisheni ni kitu gani? Vipimo vya data kwenye tafiti za elimu

Makulu_Takwimu

Wakuu, msimu wa tasnifu umefika hapa Dodoma na kuna sentensi ambayo haikosi kwenye sura ya nne ya kazi nyingi: "Wastani wa divisheni kwa shule za mjini ni 2.8 na kwa shule za vijijini ni 3.4." Hiyo 2.8 ni divisheni gani? Hakuna mtoto aliyewahi kuipata. Naomba tuujadili mkanganyiko huu kwa mifano ya shule zetu, maana maelezo mengi ya darasani yanaishia kwenye rangi za nguo na nyuzijoto.

Mgawanyo wenyewe wa vipimo vya data ni wa mwanasaikolojia Stevens, 1946, na una ngazi nne.

Kipimo cha majina kinatenganisha tu. Jinsia, kata, aina ya shule, kazi ya mzazi. Ukiandika 1 mkulima, 2 mfugaji, 3 mfanyabiashara, 4 mtumishi, hizo ni lebo. Namba ya mtahiniwa nayo iko humu hata iwe na tarakimu ngapi. Ruhusa yako ni kuhesabu idadi, kutoa asilimia, kutaja kinachojirudia zaidi, na kufanya kai-skwea (jaribio la kuona kama mafungu mawili yanahusiana).

Kipimo cha mpangilio kinasema nani yuko juu ya nani, bila kusema amemzidi kwa kiasi gani. Elimu ya mzazi, nafasi darasani, "nakubali/sikubali", gredi, divisheni. Hapa unapata mediani (thamani ya katikati), Spearman (uhusiano wa nafasi), Mann-Whitney (kulinganisha makundi mawili), Kruskal-Wallis (zaidi ya mawili).

Kipimo cha vipindi kina hatua zinazolingana ila sifuri yake ni ya kupangwa. Maksi za mtihani tunaziweka humu kwa makubaliano. Aliyepata 0 ya Hisabati anajua kuhesabu hela ya chenji, na mwenye 80 hajui mara mbili ya mwenye 40. Wastani, mkengeuko sanifu (data inavyotawanyika kuzunguka wastani) na Pearson (kipimo cha uhusiano wa namba) vinaruhusiwa. Kusema "mara mbili" hakuruhusiwi.

Kipimo cha uwiano kina sifuri ya kweli: umri, kilomita kutoka nyumbani, siku za utoro, idadi ya madawati. Mwenye siku 20 za utoro amekosa mara mbili ya mwenye siku 10, hapo huna wa kukubishia.

Sasa NECTA, Baraza la Mitihani. Kidato cha nne A ni 75–100, B 65–74, C 45–64, D 30–44, F 0–29. Hesabu upana wa kila gredi: A inabeba maksi 26, B 10, C 20, D 15, F 30. Halafu zote zinageuzwa kuwa pointi 1, 2, 3, 4, 5 kana kwamba hatua ni moja. Anayetoka 74 kwenda 75 amevuka pointi nzima kwa maksi moja. Anayetoka 45 kwenda 64 amepanda maksi 19 na pointi haijatikisika.

Chukua watoto wawili, masomo saba bora. Wa kwanza ana 64 kila somo: C saba, pointi 21. Wa pili ana 75 kwenye masomo matatu na 30 kwenye manne: A tatu na D nne, yaani 3 + 16 = pointi 19. Wote ni Divisheni ya Pili (18–21), lakini kwa pointi wa pili ndiye bora. Jumlisha maksi sasa: wa kwanza 448, wa pili 345. Aliyezidiwa maksi 103 ndiye anayeongoza.

Simaanishi NECTA wamekosea. Pointi zinatumika kupanga na kuchagua, na kwa kazi hiyo zinatosha. Kosa ni la mtafiti anayezikuta zimeandikwa kwa tarakimu akadhani ni vipande vya rula.

---

Mwl_Kibaigwa

Mkuu umenena. Ongezea na mwelekeo. Pointi zinakwenda kinyume: 7 ndiyo bora, 35 ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu anapima saa za kujisomea dhidi ya pointi, anapata uhusiano wa −0.41, anaandika kwamba kujisomea kunashusha ufaulu. Kumbe kunashusha pointi, maana yake kunapandisha ufaulu! Dawa ni kugeuza mapema: 42 kutoa pointi. Wa 7 anakuwa 35, wa 35 anakuwa 7, na kigeu unakipa jina jipya ili usikigeuze mara mbili.

Kuna na hii ya Divisheni 0. Watu wanaingiza I = 1, II = 2, III = 3, IV = 4, na sifuri wanaiacha 0. Kompyuta itamweka aliyefeli juu ya mwenye Divisheni ya Kwanza. Iwekeni 5.

Swali langu: tovuti ya NECTA inatoa gredi, pointi na divisheni, maksi hazipo. Anayetaka kulinganisha sekondari za Kongwa na za Chamwino afanyeje?

---

Makulu_Takwimu

Mwalimu, njia zipo tatu na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza, kubali kwamba data yako ni ya mpangilio na uichambue hivyo. Makundi mawili, Mann-Whitney. Zaidi ya mawili, Kruskal-Wallis. Uhusiano, Spearman. Ila divisheni zina ngazi tano tu, kwa hiyo utakuwa na watoto wengi waliofungana, na hapo Kendall tau-b (kipimo cha uhusiano kinachozingatia waliofungana) inakaa vizuri zaidi. Ukitaka kudhibiti mambo mengine kama jinsia na elimu ya mzazi, tumia rigresheni ya lojistiki ya mpangilio. Hakikisha kila divisheni ina watu wa kutosha, na upime sharti lake kuu kwamba athari ya kigeu ni ileile kwenye kila mpaka, kutoka 0 kwenda IV na kutoka II kwenda I. Mara nyingi sharti linavunjika mpaka wa juu, kwa sababu wanaopata I kwenye shule nyingi za kata ni wachache.

Ya pili, tumia maksi zenyewe za mtihani wa mkoa au wa ujirani mwema, ambazo shule inazo. Sharti moja: walinganishwe waliofanya karatasi ileile. Maksi 60 ya mtihani wa ujirani mwema wa kundi moja si 60 ya kundi lingine. Kama karatasi ni tofauti, toa wastani wa karatasi hiyo kwenye maksi ya mtoto, gawanya kwa mkengeuko sanifu wa karatasi hiyo. Hapo unajua mtoto yuko wapi ndani ya kundi lake. Hujui kundi lipi ni bora, na jambo hilo lisiandikwe kwenye hitimisho.

Ya tatu, andaa jaribio lako mwenyewe na ulifanyishe kwenye shule zote. Ni kazi, ila ndiyo data safi.

Kuhusu kai-skwea kwa divisheni na jinsia: inafanyika, ila inasahau mpangilio. Kwake I, II, III, IV na 0 ni mafungu matano ya nyanya sokoni Majengo, ukiyapanga vyovyote jibu ni lilelile. Na jedwali la 5 kwa 2 lina visanduku kumi. Vikizidi viwili vyenye idadi tarajiwa chini ya 5, matokeo hayaaminiki. Unganisha divisheni zilizo jirani, kwa mfano I na II. Usiunganishe I na 0 kwa sababu tu zote zina watu wachache, maana nayo hufanyika.

---

BintiMpwapwa

Nije kwenye madodoso, maana huko ndiko data inakoharibikia kimyakimya.

Unakusanya kwa KoboToolbox (programu ya madodoso ya simu), unapakua majibu yakiwa maneno, unayapeleka Stata (programu ya takwimu) na kuandika amri ya encode, inayogeuza maneno kuwa namba. Stata inapanga kwa alfabeti. Tazama inavyotoka:

Nakubali = 1
Nakubali kabisa = 2
Sikubali = 3
Sikubali kabisa = 4
Sina uhakika = 5

"Sina uhakika" imekuwa kilele, na "nakubali" imepishana na "nakubali kabisa". Alpha ya Cronbach (kipimo cha kama maswali yanaendana) itatoka ya ajabu na mtu atalaumu walimu waliojaza. Elimu ya mzazi ndiyo mbaya zaidi: Chuo = 1, Hakuna = 2, Msingi = 3, Sekondari = 4. Mzazi mwenye shahada yuko chini ya asiyekanyaga shule. R, programu nyingine ya takwimu, nayo inafanya hivyohivyo unapotengeneza fakta (kigeu cha makundi) bila kutaja ngazi, na haitakupigia kelele.

Suluhisho liko kwenye fomu, kabla hujatoka ofisini. Kwenye orodha ya machaguo ya Kobo, jina la chaguo liwe namba (1, 2, 3, 4, 5) na maneno yawe lebo tu. Ukipakua, chagua thamani badala ya lebo. Kwenye Stata unaandika lebo zako mwenyewe, kwenye R unataja mpangilio wa ngazi wazi.

La pili: "Sijui" na "Sina uhakika" zisikae chumba kimoja. "Sina uhakika" inaweza kuwa katikati ya kukubali na kukataa. "Sijui" mahali pake ni nje ya mstari kabisa, iwe msimbo wa peke yake, 98 kwa mfano, uliotangazwa kwenye programu kama jibu linalokosekana. Usipoutangaza ni balaa. Wazazi watano waliulizwa miaka waliyosoma: 7, 7, 4, 11, na mmoja hakujibu akaandikiwa 99. Wastani unasoma 25.6. Bila 99 ni 7.25. Kwenye watu watano unaliona, kwenye watu 400 linajificha.

La tatu, sentensi za kukanusha. "Mwalimu hanisikilizi ninapouliza swali" lazima igeuzwe kabla ya kujumlisha: 6 kutoa jibu. Na kwa watoto wa darasa la tano, "sikubali kwamba mwalimu hanisikilizi" ni fumbo. Andika sentensi chanya, punguza ngazi ziwe tatu au nne, soma kwa sauti. Wengi wao nyumbani wanaongea Kigogo au Kirangi, kanusho mbili ndani ya sentensi moja zinawapoteza.

---

Kizota_R

Nakupinga kidogo Makulu. Ugomvi huu ni wa zamani. Mtaalamu wa vipimo Frederic Lord aliuandikia mwaka 1953 kwa mfano wa namba za jezi za wachezaji, kwamba hesabu inafanyika bila kujali namba zimetoka wapi. Jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili) linauliza sampuli ni kubwa kiasi gani na data imelalia upande gani. Halikuulizi kipimo. Ukiwa na walimu 300 na ngazi tano, t na Mann-Whitney mara nyingi zitakupa uamuzi uleule. Tusiwatishe wanafunzi wakaacha wastani kama vile ni haramu.

---

Makulu_Takwimu

Kizota, nakubaliana nawe nusu. Thamani ya p (inayotumika kuamua kama tofauti ni ya bahati tu) mara nyingi haitabadilika. Kinachobadilika ni maana ya sentensi unayoiandika baada ya p. Rudi kwa wale watoto wawili wa pointi 19 na 21. Tengeneza shule moja ya watoto wa aina ya kwanza na nyingine ya aina ya pili. Kwa maksi shule ya kwanza inaongoza mbali, kwa pointi inashindwa. Mpangilio wa shule umegeuka, na hakuna ukubwa wa sampuli utakaoliponya hilo.

Kwa dodoso natofautisha mambo mawili. Swali moja la ngazi tano ni la mpangilio, ripoti asilimia kwa kila ngazi na mediani. Jumla ya maswali nane au kumi yanayopima jambo moja ni habari nyingine. Likert mwenyewe, aliyebuni dodoso la aina hii, mwaka 1932 alikuwa anajumlisha maswali, na jumla hiyo watafiti wengi huichukulia kama ya vipindi. Mimi sina shida nayo ikiwa maswali yanaelekea upande mmoja, alpha inafika 0.7 hivi, na histogramu haijalundikana pembeni. Ikilundikana, kwa mfano walimu karibu wote wamekubali kabisa kwamba mishahara haitoshi, wastani hauelezi kitu na mkengeuko sanifu unadanganya.

---

Kizota_R

Hapo sawa. Mfano wa shule mbili umenigusa. Basi tuseme hivi: endesha zote mbili, t na Mann-Whitney, zikikubaliana ripoti ile rahisi kusomeka, zikipishana eleza kwa nini.

---

Zabibu_Hombolo

Ninyi mko kwenye uchambuzi, mimi niseme ya kule uwandani. Kosa ambalo halina marekebisho ni kukusanya kwa mafungu. Dodoso linauliza: "Unaishi umbali gani kutoka shuleni? (a) chini ya km 1 (b) km 1–3 (c) zaidi ya km 3." Umbali ulikuwa kipimo cha uwiano, umeugeuza wa mpangilio kwa kalamu yako. Kushuka unaweza muda wowote, kupanda haiwezekani. Halafu vijiji vya Chemba na Bahi kaya zimetawanyika, robo tatu ya darasa itaangukia (c). Wa km 4 na wa km 11 wamekaa kapu moja, na wewe ulikuwa unachunguza utoro!

Uliza namba, panga mafungu baadaye.

Lakini namba gani? Mtoto hajui kilomita. Dakika anazijua kwa kukisia, na majibu yatarundikana kwenye 30, 60 na 120. Chora histogramu, ukiona milingoti kwenye namba hizo na mabonde katikati, basi dakika zako kwa ukweli wake ni za mpangilio hata kama zimeandikwa kwa namba. Umri wa wazazi unafanya vilevile, 40, 45, 50. Kama bajeti inaruhusu, chukua GPS ya kaya na ya shule kwenye Kobo, subiri usahihi ushuke chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi. GPS itakupa mstari ulionyooka. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili hivi, korongo likijaa maji mtoto anazunguka, kwa hiyo uliza pia kama njia inakatika na weka 1 au 0.

Hizo ndiyo/hapana ziwe 1 na 0 daima. Mkiweka 1 na 2 wastani unatoka 1.43 na hakuna anayejua ni nini. Kwa 1 na 0 wastani wenyewe ni asilimia: 0.43 ni asilimia 43.

Mifugo ni mtihani mwingine. Kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ni kujitafutia namba ya uongo. Bora orodha ya vitu: bati, sola, baiskeli, redio, simu. Kila kimoja 1 au 0. Ila jumla yake msiiite kipato.

---

Mwl_Kibaigwa

Swali la machaguo mengi nalo. "Nani anakusaidia kazi za nyumbani? Chagua wote." Kobo inaweka majibu kwenye seli moja yakitenganishwa kwa nafasi, "1 3 4". Excel mtu anafuta nafasi inakuwa 134. Pakua kwa safu tofauti, kila chaguo na 0/1 yake.

Na Excel inakula sifuri ya mbele. Mtahiniwa 0045 anakuwa 45, ukija kuunganisha na faili la divisheni hawaonani. Safu ya namba ya mtahiniwa iwe maandishi kabla hujabandika kitu.

---

BintiMpwapwa

Kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) je? Kuna upimaji wa ngazi, silabi, neno, aya, hadithi, na kuna wa maneno kwa dakika. Nimeona ripoti zinachanganya.

---

Makulu_Takwimu

Dada, ngazi ni za mpangilio. Kutoka silabi hadi neno si safari sawa na kutoka aya hadi hadithi, kwa hiyo "wastani wa ngazi 2.7" uachwe. Ripoti asilimia ya waliofika angalau aya.

Maneno kwa dakika ni uwiano. Mtoto amesoma sahihi maneno 34 na kumaliza kifungu kwa sekunde 48: 34 gawanya kwa 48 mara 60, ni 42.5. Anayesahau sekunde zilizobaki anaandika 34 na kumnyima mtoto haki yake. Tatizo ni sifuri. Madarasa ya chini utapata kundi kubwa la 0 na kundi lingine huko kwenye 30 na 40, wastani ukiangukia mahali ambapo hakuna mtoto. Toa kwanza asilimia ya waliopata 0, kisha mediani ya waliobaki. Na 0 hapo ni sifuri ya kasi. Mtoto huyo huenda anajua irabu zote tano, kwa hiyo mwandike kwamba hakusoma neno, msiandike hajui kitu.

Siku za utoro zina umbo hilohilo: wengi 0 hadi 3, wachache 40. Rigresheni ya kawaida itatabiri utoro hasi. Tumia Poisson (rigresheni ya data ya kuhesabu), na varians (mtawanyiko wa data) ikizidi wastani mbali, hamia binomia hasi. Gawanya kwa siku ambazo shule ilifunguliwa kweli, kwa mujibu wa rejesta.

---

Kizota_R

Jambo moja kabla uzi haujalala. Watu wanachanganya ngazi ya kipimo na ngazi ya uchambuzi. Watoto 800 kutoka shule 20, 40 kila shule, si watoto 800 huru. Wanafundishwa na mwalimu mmoja. Kama uhusiano wa ndani ya shule (watoto wa shule moja wanavyofanana) ni 0.2, kizidishi ni 1 + (39 × 0.2) = 8.8. Gawanya 800 kwa 8.8, unabaki na kama watoto 91. Kipimo chako kiwe safi vipi, ukipuuza hili kila kitu kitaonekana kina tofauti kubwa. Ongeza shule, usiongeze watoto kwenye shule ileile.

---

Zabibu_Hombolo

Na wenye ABS (hawakufika kwenye mtihani) kwenye matokeo? Kuna anayewaweka F.

---

Makulu_Takwimu

Hapana. F amekaa kwenye chumba cha mtihani na maksi zake zipo kati ya 0 na 29. ABS hana kipimo chochote, ni data inayokosekana. Mtoe kwenye hesabu ya gredi, mtengenezee kigeu chake cha 1/0, na uangalie wanatoka shule zipi. Kama wengi wanatoka shule moja au ni wasichana watupu, una utafiti mwingine hapo.